Ulimi wa Joe Frazier: Ndondi, Lafudhi na Dharau ya Kimaeneo Nchini Marekani, 1935–1975

Tarehe 23 Januari 1974, siku tano kabla ya pambano lao la pili, Muhammad Ali na Joe Frazier waliketi katika studio ya televisheni ya ABC jijini New York pamoja na mtangazaji Howard Cosell. Walialikwa kuitazama filamu ya pambano lao la kwanza na kulitolea maoni. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka yalipofika kwenye suala la hospitali. Frazier alimkumbusha Ali kwamba usiku ule wa mwaka 1971 alipelekwa hospitalini. Ali akajibu kwamba yeye alikaa huko dakika chache tu, ilhali Frazier alilazwa kwa majuma. Frazier akasema alikuwa akipumzika. Hapo ndipo Ali alipomwita mjinga. Frazier akasimama, akawa anauliza kwa nini ameitwa mjinga, na ujinga wake uko wapi. Muda si mrefu wote wawili walikuwa sakafuni wakigaragazana. Tume ya michezo ya jimbo la New York iliwatoza faini ya dola 5,000 kila mmoja.

Wasimulizi wa kisa hiki kwa kawaida hukiweka katika fungu la vichekesho vya ndondi, au hukiita mbinu ya kuuza tiketi. Mimi sikioni hivyo. Kufikia siku hiyo Frazier alikuwa amekwisha kuitwa mbaya wa sura na kibaraka wa Wazungu, na mara nyingi alijibu kwa maneno mafupi au kwa kunyamaza. Neno lililomwinua kitini lilikuwa “mjinga”. Kwa nini hilo na si mengine? Jibu ninalolipendekeza ni kwamba neno hilo lilihusu namna alivyozungumza, na namna alivyozungumza ilihusu mahali alikozaliwa.

Frazier alizaliwa tarehe 12 Januari 1944 katika wilaya ya Beaufort, pwani ya South Carolina, kwa wazazi wakulima, Rubin na Dolly. Pwani hiyo, pamoja na visiwa vilivyotawanyika mbele yake hadi Georgia, ndiyo makao ya Wagullah, ambao pia huitwa Wageechee. Hao ni wajukuu wa Waafrika waliotekwa kutoka maeneo yanayolima mpunga, kama Senegambia na Sierra Leone, na wengine wengi kutoka Kongo na Angola. Mabwana wa mashamba waliwataka kwa sababu ya ujuzi wao wa mpunga, kisha wakawakimbia kwa sababu ya malaria. Miezi ya joto Wazungu wengi walihamia mjini na kuwaacha watumwa chini ya wasimamizi wachache. Visiwa vingi havikuwa na daraja la kuviunganisha na bara mpaka karne ya 20. Katika upweke huo ilikua lugha yenye msamiati mwingi wa Kiingereza lakini mifupa yake si ya Kiingereza.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiisoma sarufi ya Kigullah hukutana na jamaa. Kiwakilishi kimoja hutosha kwa mwanamume na mwanamke, kama sisi tunavyosema “anakuja” bila kujali kama ni Amina au Juma. Kitenzi hakibadiliki sura ili kuonyesha wakati uliopita. Hutanguliwa na kijineno “bin”. Wingi wa “wewe” una neno lake, “oona”, ambalo wataalamu hulihusisha na Kiigbo. Kobe ni “kuta”, kama katika lugha za Wamande. Karanga zikaitwa “guba”, neno lenye asili ya Kongo na Angola ambako husemwa “nguba”, na kutoka kinywani mwa watumwa likaenea kwa Wazungu wa Kusini wote, ambao hula karanga hizo bila kujua wanazungumza Kibantu.

Kwa Mmarekani wa kawaida wa wakati huo, hata hivyo, hayo yote yalikuwa Kiingereza kilichoharibika. Mwaka 1922 Ambrose Gonzales, mwandishi na mmiliki wa gazeti huko South Carolina, alichapisha kitabu cha hadithi za watu hao na kuieleza lugha yao kuwa ni matokeo ya uvivu na uzito wa midomo. Wasomi walimfuata. Aliyeipindua hoja hiyo ni Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mweusi, ambaye kuanzia mwaka 1932 alizunguka visiwani na mashine ya kunasa sauti, akaenda pia kujifunza lugha za Afrika Magharibi, na mwaka 1949 akatoa kitabu chenye maelfu ya maneno na majina ya watu aliyoyafuatilia hadi katika lugha za Afrika. Joe Frazier alikuwa na umri wa miaka mitano wakati huo. Sidhani kama habari hizo zilifika shambani kwa baba yake. Hazikufika hata kwa waandishi wa michezo wa New York miaka ishirini baadaye, nao walikuwa na maktaba karibu.

Mwaka 1959, akiwa na miaka 15, Frazier alipanda basi kwenda kaskazini, kwanza New York, kisha Philadelphia, ambako alifanya kazi kwenye machinjio na kuanza kujifunza ndondi. Kiswahili kina neno linaloeleza vizuri kilichomkuta: mshamba. Tunalitumia kama tusi, ingawa maana yake ya asili ni mtu wa shamba tu, yaani mtu anayewalisha wanaomtukana. Pwani nao huwataja wageni wao kuwa ni “watu wa kuja” na “watu wa bara”. Weusi wa miji ya kaskazini, ambao wengi wao wazazi wao walitoka Kusini juzi tu, walikuwa na maneno ya namna hiyo hiyo, na “Geechee” lilikuwa moja kati ya hayo. Aliyeitwa hivyo alijua amechekwa kwa ajili ya wali anaokula na ulimi anaoutumia.

Frazier hakuwa bondia wa kwanza kupimwa kwa ulimi wake. Joe Louis, mzaliwa wa mashamba ya pamba ya Alabama aliyehamia Detroit mwaka 1926, alipompiga Primo Carnera mwezi Juni 1935 na kuwa maarufu nchi nzima, magazeti mengi yaliandika maneno yake kwa tahajia iliyopotoshwa ili msomaji “amsikie” Mweusi wa Kusini. Waandishi walimchora kama mtu mwenye usingizi, anayependa kula na kulala. Louis alikuwa na kigugumizi cha utotoni na kwa tabia alisema machache. Mameneja wake walimpa kanuni za kufuata, mojawapo ikiwa kutomcheka mpinzani aliyeanguka. Ukimya wake ukawa mkakati, na Weusi wakauheshimu kwa sababu walijua bei ya kusema. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliomcheka Louis walikuwa Wazungu. Kizazi kimoja baadaye, kicheko kile kile kilitoka kwa Mweusi mwenzake Frazier, mbele ya kamera.

Ali naye alikuwa mtu wa Kusini, ingawa wa ukingoni. Louisville, Kentucky, ni mji wa mpakani wenye tabia za pande mbili. Baba yake alichora mabango, mama yake alifanya kazi katika nyumba za Wazungu, na familia ilikuwa na nyumba yake. Kwa vipimo vya Weusi wa Marekani ya wakati huo, mtoto huyo hakuwa fukara, na alikuwa mtoto wa mjini. Lakini shuleni alikuwa karibu na mkia. Mwaka 1964 alishindwa mtihani wa akili wa jeshi na kuambiwa hafai. Ni mpaka jeshi liliposhusha viwango vyake mwaka 1966 ndipo alipoonekana anafaa kupelekwa Vietnam. Wakati ule waandishi walipomkejeli, alijibu kwamba alidai kuwa mkubwa kuliko wote, hakudai kuwa na akili kuliko wote. Kwa hiyo Ali alijua uchungu wa kuitwa mjinga na taifa zima. Alichomfanyia Frazier kilikuwa kumkabidhi mzigo ambao yeye mwenyewe alikuwa ameutua.

Pambano la 8 Machi 1971 katika Madison Square Garden liliwagawa mashabiki kwa namna ambayo ndondi peke yake haiwezi kueleza. Kila bondia alilipwa dola milioni 2.5. Ali alikuwa amevuliwa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda vitani, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, na vijana Weusi pamoja na wapinga vita walimwona kuwa sauti yao. Wazungu wahafidhina waliotaka Ali anyamazishwe walijikuta wakimshangilia Frazier, ambaye hakuwa amewaomba. Ali akalitumia hilo. Alisema Frazier ni kibaraka wa Wazungu, ni mbaya wa sura, na hajui kuzungumza, kwa hiyo hafai kuwa bingwa wa watu Weusi. Hata mwaka 1972, baada ya Frazier kushinda, mwandishi kijana Mweusi Bryant Gumbel alichapisha makala iliyouliza kama Frazier ni bingwa Mzungu katika ngozi nyeusi. Ukweli ni kwamba kati ya wawili hao, aliyevuna mboga mashambani, akaondoka kwao kwa kuukimbia ubaguzi wa Kusini na kukanda nyama machinjioni ni Frazier. Isitoshe, Ali alipokuwa amefungiwa, Frazier alimtetea ili arudishiwe leseni.

Hapa ndipo mjadala wa mashabiki unapokuwa mzito, na bado unaendelea kila filamu hizo zinapotazamwa. Wapo wanaosema usemi wa Frazier, ule wa kumeza silabi na kuburuta maneno, ulitokana na makonde. Wanaukumbusha utafiti wa daktari Harrison Martland, aliyeeleza mwaka 1928 hali ya mabondia waliopigwa sana: kuyumba wanapotembea, ulimi kuwa mzito, akili kupungua. Wengine husema ndivyo wanavyozungumza watu wa Kusini, hawana haraka, wala hawana la kusema. Kundi la tatu, dogo zaidi, husema ni lafudhi ya kwao tu.

Nakubaliana na kundi hili la tatu, nikiongeza jambo moja kuhusu la kwanza. Ali alianza kusema kwamba Frazier hajui kuzungumza kabla hawajapigana hata raundi moja. Wakati huo Frazier alikuwa amecheza mapambano 26 ya kulipwa, akashinda yote, 23 kati ya hayo kwa kuwaangusha wapinzani. Hakuwa bondia chakavu. Kilichokuwa kikichekwa mwaka 1971 hakikuwa jeraha. Raundi 41 ambazo wawili hao walipigana katika mapambano matatu ziliwadhuru wote bila shaka, lakini madhara yalikuja juu ya ulimi ambao tayari ulikuwa umehukumiwa. Hatari ya hoja ya makonde ni hiyo: inaigeuza lahaja kuwa ugonjwa. Mtu aliyekua akisikia “bin” na “oona” barazani kwa bibi yake anawekwa wodi moja na mtu aliyepasuka mshipa kichwani.

Sisi tunaotoka Uganda tunapaswa kuelewa hili haraka kuliko wengine. Kwetu Kiswahili kilijulikana kama lugha ya kambi za askari, na mtu aliyekizungumza mitaani Kampala alitazamwa mara mbili. Tukivuka mpaka kwenda Mombasa au Dar es Salaam, Kiswahili hicho hicho kinachekwa kwa kukosa ngeli. Mtu mmoja anaweza kuwa wa kuogopwa hapa na wa kuchekwa pale kwa sentensi ile ile.

Mwezi mmoja baada ya ushindi wake, Aprili 1971, Frazier alialikwa kuhutubia bunge la jimbo la South Carolina mjini Columbia. Alikuwa Mweusi wa kwanza kufanya hivyo tangu enzi ya ujenzi mpya iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, yaani karibu miaka mia moja. Mcheza kwao hutunzwa, husema Waswahili, ingawa kwao huko hakukuwa kumtunza baba yake. Mtu aliyetangazwa nchi nzima kuwa hajui kuzungumza alisimama mbele ya watunga sheria, wengi wao wakiwa Wazungu waliokulia katika mfumo wa ubaguzi, na akazungumza. Tukio hili hutajwa kwa mstari mmoja katika vitabu vya ndondi, na vingine havilitaji kabisa. Naliona kuwa muhimu kuliko konde la kushoto lililomwangusha Ali katika raundi ya 15, ingawa najua wenzangu wanaopenda ndondi watanipinga. Katika kipindi hicho hicho alimnunulia mama yake shamba kubwa la zamani katika sehemu zile zile ambako mababu zao walilima mpunga wa wengine.

Ali hakuwa na dharau kwa Kusini peke yake. Alichukua dharau yoyote iliyokuwa karibu naye. Mwaka 1974, kabla ya pambano lake na George Foreman mjini Kinshasa, aliwatania waandishi waliompinga kwamba wakifika Zaire watu wa Mobutu watawatia chunguni na kuwala. Serikali ya Zaire, iliyokuwa imeahidi kila bondia dola milioni 5 ili dunia iione nchi kwa macho mapya, haikucheka. Maofisa wake waliomba maneno hayo yakome. Huyo ndiye mtu ambaye tarehe 30 Oktoba watu wapatao 60,000 walimwimbia kwa Kilingala “Ali, boma ye”. Mswahili anayesikia mara ya kwanza hudhani ni habari za boma la ng’ombe, kumbe wanamwambia aue. Wengi wao hawakuelewa Kiingereza chake. Walimpenda kwa mwendo wake, kwa msimamo wake kuhusu Vietnam, na kwa sababu Foreman alishuka na mbwa wa aina iliyowakumbusha polisi wa Kibelgiji. Foreman, mtu wa Texas, alikuwa msema machache kama Frazier, na alilipia ukimya huo.

Mwaka uliofuata, Manila, Ali alimfananisha Frazier na sokwe na kuutembeza mwanasesere wa sokwe mbele ya waandishi. Weusi wengi waliokuwa wamecheka mwaka 1971 hawakucheka tena kwa urahisi. Wapo wanaotetea kwamba ni biashara, na kwamba majina ya kutisha ni sehemu ya ndondi. Inawezekana, lakini tazama ni nani hupewa jina gani. Bondia wetu John Mugabi, mshindi wa medali ya fedha Moscow mwaka 1980, alipofika Marekani alitangazwa kama “Mnyama”, na kwa jina hilo alipanda ulingoni kupambana na Marvin Hagler mwaka 1986. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na hivyo jina likamsemea.

Katika darasa la fasihi simulizi tunafundishwa majigambo. Wanyankole wana ebyevugo, Wanyarwanda na Warundi wana vyao, na baadhi ya wenzangu hupenda kusema kwamba mashairi ya Ali ni majigambo yaliyovuka bahari. Mfanano upo. Ila katika malumbano ya kishairi, kama yale ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, anayejibu hujibu kwa bahari na vina ambavyo mpinzani wake ametumia, na hadhira huwasikiliza wote wawili kwa sikio moja. Frazier hakupewa sikio hilo. Kila alipofungua kinywa, hadhira ilisikia Beaufort kabla ya kusikia hoja. Kwa hiyo alichokuwa nacho ni mikono, na mwaka 1974 studioni aliitumia mahali ambapo haikuruhusiwa.

Miaka ilivyokwenda mambo yakageuka kwa namna ya ajabu. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali Afrika kuzishawishi nchi zigomee michezo ya Moscow. Dar es Salaam Nyerere hakukubali kuonana naye, na waandishi walimbana kwa maswali kuhusu msimamo wa Marekani juu ya Afrika Kusini mpaka akakiri kwamba hakuelezwa yote kabla ya kutumwa. Kinywa kilichowashinda wote kilikutana na watu waliotaka hoja. Mwaka 1984 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson, na sauti yake ikaanza kufifia, hata mashabiki wakaanza kumwuliza yeye swali walilomwuliza Frazier: ni makonde, au ni nini?

Wagullah, kwa upande wao, walipata Agano Jipya katika lugha yao mwaka 2005, na mwaka 2006 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuutambua na kuuhifadhi ukanda wa urithi wao wa pwani, Beaufort ikiwa ndani yake. Frazier alifariki Novemba 2011. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 2001, Ali alikuwa ameomba radhi kupitia gazeti la New York Times kwa maneno aliyomwambia, akieleza kwamba alisema mengi kwa ajili ya kulitangaza pambano. Frazier alipoulizwa alisema amekubali yaishe. Baadaye akalalamika kwamba radhi ile iliombwa kwa gazeti, naye hajaambiwa mwenyewe.